Utando wa Buibui kwenye Feni

Mkono wangu wa kulia ni mwembamba kuliko wa kushoto. Nilizaliwa nao hivyo. Nilipomaliza darasa la saba na jina langu halikutoka kwa waliochaguliwa sekondari, mjomba alikuja Newala kunichukua, na aliutazama mkono huo kabla ya kunitazama uso. Akamwambia mama, "Huu utafika nyuma ya dashibodi bila kufungua hata skrubu moja." Hivyo ndivyo nilivyoingia gereji yake hapa Masasi, msichana peke yangu, na baada ya miaka minne kazi zote za AC zilikuwa zangu.

Nasema zilikuwa zangu, lakini neno lilikuwa la mjomba. Kwetu baba unaweza kumbishia kidogo. Mjomba, kaka wa mama yako, habishiwi, na mbele ya watu ndiyo kabisa. Mjomba alikuwa fundi mzuri wa injini, ila kwa AC alikuwa na jibu moja tu. Gari likija halipoi, gesi imeisha. Weka gesi. Mara nyingi alipatia, kwa sababu barabara zetu zinatikisa mabomba mpaka yanavuja. Akipatia mara tisa, ya kumi hakuna anayemuuliza.

Mimi nilijifunza kwa kushika. Bomba nene linalorudi kwenye kompresa, ile pampu ya gesi, linatakiwa liwe la baridi, litoe jasho kama chupa ya soda. Bomba jembamba linatakiwa liwe na joto, lakini joto unaloweza kuvumilia. Halafu unafunga geji za kupima gesi, mshale wa bluu na mshale mwekundu, unaacha injini iungurume, unatazama. Ninasoma mishale haraka kuliko ninavyosoma maandishi. Mishale haicheki.

Gari ninalotaka kulieleza lilikuja mwezi wa kumi, jua lile la kabla ya mvua, wakati korosho zinaanikwa kila uwanja. Lilikuwa gari dogo jeupe lenye buti ndefu. Mwenye gari alikuwa mfanyabiashara wa salfa, ule unga wa njano wa kupulizia mikorosho, na tangu mwezi wa sita alikuwa anapakia mifuko ndani ya gari hilo hilo. Ukifungua mlango, harufu ya kiberiti inakupiga puani. Kiti cha nyuma alikaa mama yake, bibi mnene mwenye khanga ya zambarau, akipumua kama mtu anayepanda mlima akiwa amekaa.

"Fundi, AC inapuliza joto," mwenye gari alimwambia mjomba. "Leo mama katoka hospitali, siku kumi na moja amelazwa kwa pumu. Nampeleka nyumbani Newala. Unajua kile kipande cha barabara kinachotengenezwa, lile vumbi la malori. Nataka afike vioo vimefungwa."

"Dakika thelathini," mjomba akasema. "Gesi tu hiyo."

Alikuwa hajafungua hata boneti.

Bibi akashuka, akaketi kwenye benchi letu kivulini. Mjomba akainama. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Nyie wa ukoo gani?"

Mjomba akautaja. Bibi akapiga makofi, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na kikohozi kilipomwachia akaendelea kucheka pale pale alipokuwa ameachia. "Toba! Kumbe nimeletwa kwa watani! Mwanangu, tuondoke, hawa watatia sumu kwenye hiyo gesi."

Ukoo wake na wetu ni watani tangu zamani, hakuna anayejua nani alianza. Mtani anaweza kukutukana mama yako sokoni, anaweza kuingia kwako akachukua kuku, na wewe kazi yako ni kucheka na kumrudishia. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa. Wenye maneno wanaupenda sana utani. Sisi ambao maneno hutufikia watu wakishaondoka, tunasimama tu pale na kupokea.

"Na huyu?" bibi aliuliza akininyooshea kidole. "Ni msichana au jeki?"

Gereji nzima ikacheka. Nikamwamkia, sauti ikatoka ndogo.

"Nini? Ongea, mtani. Au ulimi uliusahau tumboni kwa mama yako, ukatoka na huo mkono? Hebu uone! Mguu wa kuku. Ukoo wenu bwana, mnazaa watoto kabla hawajaiva."

"Huo ndio mkono wa kazi, mama," mjomba alisema huku akijifuta machozi ya kicheko.

"Wa kazi, lakini mume hapati. Nani atashikwa na mguu wa kuku usiku?"

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Niliinama kwenye gari nikajifanya natafuta spana.

Kisha bibi akatoa karatasi kwenye mkoba. Alisema nesi amemwandikia masharti, na macho yake hayaoni, na mwanawe kila akimuuliza anasema subiri. "Nisomee, mtani. Shule si ulienda?"

Mwenye gari alikuwa kwenye simu. Mjomba akasema, "Msomee bibi." Sikuwa na pa kukimbilia.

Mimi husoma kwa kutembeza kidole. Neno refu nalikata, nalishika kipande kwa kipande. Peke yangu huwa nafika. Lakini pale walikuwa wamesimama mafundi wanne na dereva mmoja wa bodaboda aliyekuja kuziba pancha, na kidole changu kilikuwa na grisi iliyoacha alama kwenye kila neno.

"A-si-ka-e," nilianza, "kwe-nye vu-mbi..."

"Mungu wangu," bibi akasema. "Nitapona, niugue tena, nipone, huyu bado yuko mstari wa kwanza!"

Dereva wa bodaboda alikaa chini kabisa, ameshika tumbo. Mmoja wa mafundi akaanza kuniiga, "A-si-ka-e, a-si-ka-e," na mwingine akaitikia kama watoto wa chekechea. Nilisoma mpaka mwisho. Asikae kwenye vumbi. Asikae kwenye moshi. Akibanwa arudishwe hospitali haraka. Nilisoma kila kipande kwa sauti, mimi mwenyewe, kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Nikarudi kwenye gari. Nilifunga geji, nikawasha AC, nikasubiri. Kama ni gesi imeisha, mishale yote miwili inalala chini. Ile haikulala. Wa bluu ulikuwa juu kuliko unavyotakiwa, na mwekundu ulikuwa unapanda, unapanda, mpaka kompresa ikajikata yenyewe kwa kujilinda. Baada ya muda ikashika tena, ikapanda tena, ikajikata. Gesi ilikuwepo, tena ya kutosha. Ilichokosa ni upepo wa kuipoza. Bomba jembamba sikuweza kulishika hata kwa kuhesabu mbili.

Nikachungulia mbele. Gari lile lina feni mbili nyuma ya grili, moja ya rejeta na moja ya AC. Ya rejeta ilikuwa inazunguka. Ya AC ilikuwa imesimama, na kati ya panga lake moja na jingine kulikuwa na utando wa buibui. Haukuchanika hata uzi. Buibui mwenyewe alikuwepo, mdogo, mweupe kwa vumbi, ametulia katikati ya nyumba yake huku AC imewashwa na injini inatetemeka.

Nilipitisha mkono wangu mwembamba, nikaivuta soketi ya feni. Ncha zake zilikuwa nyeusi tii. Salfa ilikuwa imeingia ikala shaba. Nilikuwa na kipande cha msasa mfukoni. Kukwangua ncha mbili, kuchomeka, kujaribu: dakika kumi, na katika hizo mbili za kunawa mikono.

Nikainua kichwa. "Mjomba," nikasema. "Feni..."

"Sikilizeni!" bibi akapaza sauti kutoka kwenye benchi. "Nyamazeni wote! Jeki limeongea!"

Walicheka kiasi kwamba hata mwenye gari alikata simu kuuliza kuna nini. Mjomba naye alicheka. Akanijia akaniuliza, bado anacheka, "Gesi inasomaje?"

Hapo ndipo ilipotokea, na nimejaribu mara nyingi kuikumbuka kwa namna nyingine. Sikuogopa. Watu wanaonijua watasema niliona aibu, nikashindwa kumbishia mjomba mbele ya wateja. Aibu ilikuwepo, lakini nilishaizoea, ningeweza kumvuta pembeni nikamnong'oneza kama nilivyofanya kwa magari mengine. Kilichonijia kilikuwa kitulivu, karibu kitamu. Nilimtazama bibi na khanga yake ya zambarau, nikawaza: haya, nenda.

"Inasoma chini kidogo," nikamwambia mjomba.

"Si nilisema? Weka gesi."

Nikairudisha soketi ilivyokuwa. Nikaongeza gesi kwenye mfumo uliokuwa umeshiba, nikautazama mshale mwekundu ukipanda.

Mjomba, kwa kupenda kuwafurahisha wateja, alichota ndoo ya maji akalimwagia gari mbele kuondoa vumbi la grili, kisha ndoo ya pili, ya tatu. Maji yakaipoza kondensa, ile rejeta ya gesi nyuma ya grili, yakafanya kazi ya feni. Ndani hewa ikawa baridi ya kweli. Mwenye gari aliweka kiganja kwenye matundu, akatabasamu. Bibi alipandishwa, vioo vikafungwa, akasema kwa sauti kubwa, "Eee! Hapa hata maiti haiozi!"

Niliinama kufunga boneti. Utando ulikuwa na matone ya maji, unang'aa, mzima.

Ndipo mjomba akasema niende nao, nikamsalimie mama, na kama kuna lolote njiani fundi yupo. Nikanawa. Nikaketi nyuma, kando ya bibi.

Kwenye lami gari lilikwenda kasi, upepo ukaingia mbele wenyewe, na AC ikavumilia. Bibi alilala, mdomo wazi. Nilianza kufikiri pengine tutafika. Nilifikiri hivyo kwa hasira kidogo, kama mtu aliyenyimwa kitu.

Kisha tukaingia kipande kinachotengenezwa. Barabara ilikuwa imechimbwa, tukafuata njia ya pembeni nyuma ya malori mawili ya kokoto, mwendo wa mtu anayetembea. Vumbi jekundu lilifunika kioo cha mbele mpaka mwenye gari akawasha taa mchana. Nilisikia kompresa ikijikata. Ikashika. Ikajikata. Baada ya hapo hewa iliyotoka ilikuwa ya moto kama mdomo wa mtu.

"Fundi, vipi huko?" mwenye gari aliuliza akinitazama kwenye kioo.

"Inapumzika," nikasema. "Itarudi."

Bibi aliamka na jasho. Alinitazama, akacheka kwa pumzi nusu. "Mtani. Ukoo wako umekutuma uje unimalize, eeh?"

Nikageukia dirishani.

"Hata kukana hawezi," akamwambia mwanawe. "Anaua kimya kimya huyu."

Dakika ishirini ndani ya gari lililofungwa, jua la saa nane. Alianza kujipepea na ile karatasi ya nesi yenye alama za vidole vyangu. Midomo yake ikabadilika rangi. Mfukoni nilikuwa na msasa. Ningesema, simamisha gari, nipe dakika kumi. Lakini ningesema hivyo, mwenye gari angeuliza umejuaje, na tangu lini. Kila mita tuliyosogea ilifanya sentensi hiyo iwe nzito zaidi. Nilikuwa naipanga kichwani kipande kwa kipande, na nilipofika mwisho wake ilikuwa imeshapitwa.

Bibi akashusha kioo mwenyewe. Mwanawe alipiga kelele, "Mama, vumbi!" Akasema afadhali vumbi kuliko kuchemshwa kama mihogo. Lori la mbele likatikisika, na vumbi likaingia lote mara moja, tukawa wekundu sote watatu, nyusi, mdomo, kila kitu. Alikohoa. Alikohoa mpaka tukamaliza kupanda mlima wa Newala, na alipoacha kukohoa ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu alikuwa anavuta tu, na ndani yake kulikuwa na mluzi.

Hatukupita nyumbani kwake. Mwanawe alinyoosha moja kwa moja hospitali. Walipomweka kwenye kiti cha magurudumu alinitafuta kwa macho, akaninyooshea kile kidole. Nadhani alikuwa na utani mwingine. Pumzi haikutosha kuutoa.

Aliishi siku nane.

Msiba wa mtani una kazi zake. Watani ndio wanaochekesha wafiwa wasizimike kwa majonzi. Wanavaa nguo za marehemu, wanatembea kama alivyotembea, wanatangaza kwamba mchoyo amekufa na sasa watakula vizuri. Mjomba alipopigiwa simu alisema lazima ukoo wetu uonekane. "Wewe ulisafiri naye. Nenda."

Wanaume walipokwenda makaburini, wanawake tulibaki uani. Wanawake wa ukoo wetu walikuwa wameshaanza. Mmoja alivaa kanzu ya bibi na mto tumboni, anawatukana wapishi kwa sauti yake. Mwingine alilala mlangoni, anadai bibi alikuwa na kuku wake. Wafiwa walikuwa wanalia na kucheka pamoja. Wanaume waliporudi, mwenye gari akaniona nimekaa ukutani, akasema, "Huyu hapa ndiye aliyemsindikiza mama! Mtani, na wewe toa lako!"

Wakanivuta katikati. Waliposubiri, nilisikia wakinong'ona: hawezi, huyo haongei.

"Mimi ndiye niliyemuua," nikasema.

Kicheko kikapasuka. Nikasubiri kiishe, kisha nikaendelea, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu maneno yalikuja yamepangika.

"Feni ilikuwa haizunguki. Niliona utando wa buibui kwenye mapanga yake. Msasa nilikuwa nao mfukoni, kazi ya dakika kumi. Nikaongeza gesi ambayo haikutakiwa. Nikakaa naye kiti kimoja, namtazama anachemka, nikanyamaza, kwa sababu aliniita jeki."

"Jeki!" mtu akapiga yowe. Mwanamke mwenye mto tumboni alianguka chini, akajiviringisha. Dada wa marehemu, aliyekuwa hajala tangu juzi yake, alicheka mpaka akashikiliwa mabega. Mwenye gari alikuwa ameegemea nguzo, machozi yanamtoka, anarudia, "Msasa mfukoni! Msasa mfukoni!" Nikawaambia, "Ni kweli." Wakacheka zaidi. Nikasema tena, "Ninasema kweli," na nilipoona nyuso zao nikaelewa kwamba nikisema mara ya tatu watanibeba juu juu.

Mtani aliyefanya vizuri hapewi ahsante ya mdomo tu. Walinipa khanga ya zambarau. Walisema bibi angefurahi, alikuwa ananisifu hospitalini, eti mtani wake mmoja hajui kutukana. Niliipokea kwa mikono miwili. Kwenye mikunjo bado kulikuwa na vumbi jekundu.

Baada ya arobaini gari lilikuja tena gereji, AC haipoi. Mjomba alikuwa chini ya lori, akapiga kelele kutoka huko, "Gesi!" Mwenye gari alienda kununua maji. Nilifungua boneti, nikapitisha mkono, nikaivuta soketi, nikakwangua ncha moja, nikakwangua ya pili, nikachomeka. Feni ikashtuka, ikazunguka. Utando ulikatika, ukajisokota kwenye panga, ukawa uzi mchafu. Buibui sikumwona alikokwenda.

Mwenye gari aliporudi nilikuwa nimefunga vioo vyote. Aliingia akaketi nyuma, upande ule wa mama yake, sijui kwa nini upande ule. Upepo ukampiga usoni. Alipotoka mikono yake ilikuwa na vipele vya baridi.

"Sasa ndiyo imepoa," akasema. "Ilikuwa nini?"

Alikuwa ananiuliza mimi. Alikuwa ananitazama mimi, na hakuna aliyekuwa anacheka.

Mjomba akajibu kutoka chini ya lori, "Gesi hiyo, nilikwambia."

Nikafunga boneti.